Ng'ombe Kumi na Sita

Sikuwahi kumpenda mwenye muhuri, na sitaanza leo eti kwa sababu amekufa. Najua marehemu hasemwi vibaya, lakini huyu alinila nikiwa hai, kwa hiyo nitamsema akiwa kaburini. Alikuwa mhasibu wa Arusha. Alifanya kazi miaka mingi katika shirika moja la umma, akatoka huko na kiinua mgongo na jina, akafungua ofisi yake ya hesabu. Jina ndilo alilouza. Katika kila mji mdogo wenye maduka machache na mkandarasi mmoja au wawili, alitafuta kijana mwenye cheti cha utunzaji wa vitabu, akampa muhuri, fomu zilizopigwa chapa na majalada ya kijani, akamwambia: kuanzia leo wewe ni tawi.

Mimi nilikuwa tawi la Babati. Kiingilio alikilipa baba kwa kuuza maharage ya msimu mzima, na baada ya hapo theluthi ya kila nilicholipwa ilikwenda Arusha. Sikuruhusiwa kuandika jina langu mlangoni. Sikuruhusiwa kubadili hata mstari mmoja wa fomu. Kila karatasi niliitoa nakala, na nakala ilipanda basi kwenda kwake kabla ya Ijumaa. Karatasi ya kaboni ilikuwa haipatikani, kwa hiyo nilitumia kipande kimoja mpaka kikaacha kuandika, kisha nikakianika juani kipate nguvu. Nakala ikififia, yeye alinirudishia na kuandika pembeni kwa wino mwekundu: Uzembe.

Ilikuwa ile miaka ya shida, nchi nzima ikiwa kwenye foleni. Foleni ya sukari, foleni ya sabuni, foleni ya unga wa njano ambao kwetu, watu tunaolima mahindi, kuula ilikuwa matusi. Babati ilikuwa bado ndani ya mkoa wa Arusha, na kila mwenye akili alidhani akili inatoka huko. Ofisi yangu ilikuwa chumba kimoja nyuma ya fundi cherehani aliyekuwa hana uzi. Nilikuwa na meza, kiti, na benchi moja la wateja. Wote walikaa hapo wakisubiri zamu, wakisikia shida za wenzao kama wako kwenye mkutano wa kijiji.

Wateja nao sikuwapenda, niseme ukweli. Waliniita karani. Nilikuwa nimesoma, nina cheti, ninavaa viatu vya ngozi nilivyovipata kwa taabu ya kuombea kibali, halafu mama wa hoteli ya chai anaingia na kusema, "Karani, hujambo?" Angeishia hapo angalau. Lakini hapana, ilikuwa lazima asalimie kwanza, aulize wazazi, aulize mvua ya kwetu Dareda, aeleze mvua ya kwao Bagara, na nusu saa ikipita ndipo anafungua fundo la kanga na kutoa risiti moja iliyolowa. Mwenye mashine ya kusaga alikuwa mbaya zaidi. Yeye alitunza hesabu zake kwa mkaa ukutani mwa mashine, na siku mke wake alipopaka ukuta chokaa kwa ajili ya Krismasi, alikuja kwangu kuuliza kama ninaweza kukumbuka.

Mkandarasi wangu alikuwa mmoja. Alikuwa mwashi wa Nakwa, mzee wa umri wa baba yangu, mrefu, mikono imeliwa na saruji. Alijenga nyumba za walimu, maghala, na vyoo vya misheni, na kazi yake ilisimama wima. Huyu nilimheshimu kidogo kwa sababu alisalimia kwa ufupi. Alikuja kwangu kwa sababu kulikuwa na zabuni ya kujenga madarasa mawili huko Mutuka, na siku hizo fundi wa mkono hapewi kazi ya serikali bila hesabu zenye muhuri unaotambulika. Muhuri wangu ulitambulika. Chini ya jina la kampuni ulisema: Tumekagua na kuthibitisha.

Sasa lazima nieleze jambo moja la kwetu, maana bila hilo hamtaona kosa langu, na ninataka mlione.

Kwetu, sisi wa Dareda na wale wa Nakwa vilevile, mtu mwenye akili haweki ng'ombe wake wote katika zizi moja. Mmoja anampeleka kwa rafiki, wawili kwa shemeji, mwingine kwa mtu wa mbali kabisa. Ugonjwa ukiingia kwake, haummalizi. Na mwenye jicho la husuda hajui ana wangapi. Anayewekewa anakunywa maziwa na kutumia samadi, lakini ng'ombe na wazao wake wanabaki mali ya mwenyewe. Hakuna karatasi. Kanuni ni mbili tu. Ya kwanza, humtaji mwenye ng'ombe mbele ya watu, hata iweje, na watoto wa nyumbani hawaambiwi. Ya pili, ng'ombe akifa unampelekea mwenyewe ngozi. Ngozi ikifika, mmemalizana. Ngozi isipofika, huyo ng'ombe kwa hesabu yenu bado anakula majani, na unadaiwa.

Haya nilikuwa nayajua tangu nachunga. Ninasema nilikuwa nayajua ili mtu asinionee huruma.

Fomu ya Arusha ilikuwa na ukurasa wa mali, na katika ukurasa huo kulikuwa na mstari wa mifugo: idadi na thamani. Nilimuuliza mwashi ana ng'ombe wangapi zizini. Benchi lilikuwa limejaa. Mama wa hoteli alikuwepo, mwenye mashine alikuwepo, na mtu mmoja aliyekuwa naye anagombea ile ile kazi ya madarasa alikuwa amesimama mlangoni akisubiri fomu.

"Kumi na sita," alisema, kwa sauti ya chini.

"Kumi na sita!" nikasema mimi kwa sauti ya ofisi. "Wote wako?"

Mzee aliwatazama wale watu, akanitazama mimi. Mtoto wa kwetu hawezi kuuliza swali hilo mbele ya watu, ni kama kumvua mtu shati. Angesema baadhi si wake, wangeanza kuhesabu ni wa nani, na kabla ya jioni mji mzima ungekuwa na majina. Hakuwa na jibu lingine.

"Wangu wote," akasema.

Nikaandika. Mwandiko wangu ulikuwa mzuri sana.

Wengine walipoondoka alirudi. Alisimama mlangoni akiwa ameshika kofia. "Karani, lile la mifugo, lisingeweza kuachwa?"

Nilimwambia fomu haiachwi wazi, Arusha watairudisha.

"Basi njoo Nakwa, kijana wangu. Njoo uone mwenyewe, tukae tuongee nyumbani."

Nilielewa kabisa alichotaka. Alitaka kuniambia pembeni, kama mtu anavyomwambia mtoto wa watu wake, wapi wake na wapi wa wengine. Na kanuni ya Arusha ilikuwa upande wake pia, maana tawi lilitakiwa kwenda na kuona kwa macho. Nikamwambia nitakuja Alhamisi. Alhamisi ilinyesha. Njia ya Nakwa mvua ikinyesha inageuka ugali mweusi, na mimi nilikuwa na viatu. Si mwendo mrefu. Watoto wanakwenda na kurudi mara mbili kwa siku, wakiwa na kuni kichwani. Nilikaa ofisini nikanywa chai isiyo na sukari, na Ijumaa asubuhi nikagonga muhuri ili nakala iwahi basi.

Madarasa aliyapata. Aliyekuwa amesimama mlangoni akayakosa.

Kisha ukaja msako wa walanguzi. Waliokuwepo wanakumbuka: watu walitupa sabuni chooni na kuzika vitenge shambani, kwa kuogopa kuulizwa wamevipata wapi. Mwashi alikuwa na mifuko ya saruji stoo, yote kwa kibali, kila mmoja una karatasi yake. Aliyekosa kazi ya madarasa alikwenda kumsemea, na kamati ya msako ilipokuta saruji ina vibali ilikuja kwangu, ikabeba majalada yangu yote ya kijani. Hata siku ile nilijivuna kwa jinsi yalivyopangwa. Katika jalada la mwashi walikuta ng'ombe kumi na sita. Fundi wa kujenga vyoo, ng'ombe kumi na sita? Wakatuma watu Nakwa. Wakakuta wanne.

Kwa hiyo swali likawa moja, na lilikuwa rahisi. Kama kweli walikuwepo kumi na sita, basi kumi na wawili wamefichwa, na mali iliyofichwa ni mali ya ulanguzi, itatafutwa na kuchukuliwa. Kama hawakuwahi kuwepo, basi mzee alijisifu kwenye fomu ili apate kazi. Atapoteza kazi, atachekwa, na atarudi nyumbani kwake.

Kikao kilifanyika mchana, katika ukumbi wa mjini, milango wazi, watu wamejaa hadi nje. Mwenye muhuri alifika kwa basi asubuhi. Koti lake lilikuwa limejaa vumbi la njiani, naye amejaa hasira. Aliniweka kando nyuma ya jengo.

"Ulikwenda?" aliniuliza.

"Kulikuwa na mvua."

Alinitazama kama anavyotazama nakala iliyofifia. "Sikiliza. Tawi moja likisema halikukagua, matawi yote yamekufa. Nani ataamini muhuri? Ulikwenda. Uliwahesabu. Umenielewa?"

Nilimchukia. Lakini nilielewa, na niseme kwamba hakunishika mkono wala hakunitisha zaidi ya hapo. Cheti kilikuwa changu na mdomo ulikuwa wangu.

Humo ndani nilimwona baba. Alikuwa amekaa nyuma kabisa, kwenye benchi la ukutani, na kofia yake juu ya goti. Sikumwalika. Nilidhani amesikia kwamba mwanawe ataitwa kuzungumza mbele ya wakubwa, akaona aje asikie. Nikanyoosha kola.

Mwenyekiti wa kamati alianza na mwashi. "Ndugu, karatasi hii inasema una ng'ombe kumi na sita. Wako wapi?"

"Ninao wanne, Ndugu Mwenyekiti."

"Na hawa kumi na wawili?"

"Nilidanganya," akasema mzee. "Nilitaka kazi ya madarasa. Nilijitapa mbele ya karani, naye akaandika. Kosa ni langu."

Watu walicheka. Wakwe zake walikuwemo humo, na waumini wenzake, na vibarua aliowafundisha kushika mwiko. Mtu mzima amesimama na kujiita mwongo. Nilijua sababu, na nadhani nusu ya waliocheka walijua pia, maana wenye ng'ombe lazima walikuwemo humo ndani wakitazama sakafu. Hakuna aliyeinua mkono. Wasingeweza. Kumtetea ilikuwa ni kujitaja.

Mwenyekiti akanigeukia. Alinyanyua ukurasa wenye muhuri. "Ndugu mhasibu."

Ndiyo, aliniita mhasibu. Ilikuwa mara ya kwanza mtu kuniita hivyo mbele ya watu, na ninaona aibu kuandika kwamba nilifurahi.

"Muhuri huu unasema mmekagua na kuthibitisha. Ulikagua?"

Mwashi hakunitazama. Mwenye muhuri alinitazama. Kilichotakiwa kilikuwa maneno mawili, hapana, sikufika, na mzee angekwenda zake na aibu yake na ng'ombe wa watu wangebaki salama. Ningepoteza muhuri. Labda ningekaa ndani wiki mbili. Nilikuwa kijana, sina mke, sina mtoto, sina cha kuogopa isipokuwa kurudi Dareda nimeshika jembe.

"Nilikagua," nikasema. "Nilikwenda Nakwa mwenyewe nikawahesabu. Kumi na sita."

Kwa sauti ya ofisi.

Mgambo walitumwa mchana huo huo. Waliwakuta wale kumi na wawili kwenye vichaka chini ya kilima, wakichungwa na binti wa mwashi, na wakawaswaga hadi mjini kupitia sokoni, mbele ya mlango wangu. Waliuzwa mnadani. Mwashi alikaa mahabusu majuma kadhaa, akatoka amekonda. Madarasa ya Mutuka aliyamalizia yule wa mlangoni, na kama uliwahi kuyaona, utajua kwamba ukuta wa upande wa magharibi ulipasuka kabla ya watoto kuingia.

Baba alinisubiri nje ya ukumbi siku ile. Nilimpeleka hotelini, tukanywa chai.

"Umesema kwa sauti," aliniambia.

Nilidhani ni sifa. Nilimwambia ndivyo tulivyofundishwa chuoni. Alimaliza chai yake, akaweka kikombe, akaenda kutafuta lori la kurudi.

Tangu hapo ofisi ilianza kufa, na nilistahili. Wateja walikuja kwa sababu walilazimika, wakasalimia vilevile kwa urefu, ila nilipofika kwenye maswali wote walikuwa na jibu moja. Ng'ombe? Sina. Mbuzi? Sina. Mauzo? Hakuna biashara, karani, unaona mwenyewe hali. Mama wa hoteli niliyekunywa chai kwake kila siku aliniambia hana hoteli. Hesabu nilizopeleka Arusha zilikuwa kurasa nyeupe zenye muhuri, na mwenye muhuri, yule niliyemwokolea matawi yake yote, aliniandikia barua ya mistari mitatu. Tawi alimpa mtu mwingine. Kiingilio hakirudishwi, aliandika, na akaomba nimrudishie majalada ambayo hayajatumika.

Nikarudi Dareda nikashika jembe.

Mwaka wa tatu wa jembe, baada ya kuvuna maharage, nilikuwa uani nikipura alipoingia mwashi. Alikuwa ametembea kutoka Nakwa tangu alfajiri, anaongoza ng'ombe mtamba mwekundu kwa kamba. Alikuwa amezeeka kupita miaka hiyo mitatu. Sikujua amefuata nini, nikadhani amekuja kunipiga, na nilikuwa tayari kupigwa.

"Shikamoo," nikasema.

"Marahaba," akajibu, kama anavyomjibu mtoto yeyote, akanipita kwenda kwa baba.

Mama alileta kigoda na maziwa. Walisalimiana kwa muda mrefu: wagonjwa, mvua, ndoa ya binti. Kisha mzee akasimama na kumpa baba kamba kwa mikono miwili.

"Nimemleta."

"Ngozi haikuja," baba alisema.

"Haikuja."

"Basi tumemalizana."

"Tumemalizana. Bado watu wanne."

Alikataa kulala, alikataa hata kusubiri chakula, akisema kuna ukuta anaojenga kwa kibarua huko Bagara. Nilibaki nimeshika fimbo ya kupuria mpaka alipopotea kwenye kona ya njia. Baba alikuwa bado ameshika kamba.

"Kwani ulikuwa na ng'ombe kwake?" nilimuuliza.

"Mmoja. Tangu kabla hujaanza shule."

"Na siku ile ulikuwepo. Kwa nini hukusema?"

"Ningesema kwa nani?" Alisema bila hasira, na ingekuwa afadhali angekuwa nayo. "Masikio ya ng'ombe wetu yana mapengo mawili upande wa kushoto. Wewe ndiye uliyekuwa unawashika nikiyakata. Ungekanyaga zizi la yule mzee hata mara moja, ungemwona wetu na ungekuja kuniuliza. Hukuja kuniuliza. Kwa hiyo uliposimama ukasema umekwenda, mimi nilijua hukwenda. Mtu mmoja tu mle ndani alijua hilo kwa hakika, ukimtoa yule mzee mwenyewe. Nami ni baba yako."

Nilisema tumfuate, hajafika mbali. Nilisema tumrudishie mtamba wake, halikuwa deni lake, lilikuwa langu.

"Vizuri," baba akasema. "Mkimbilie. Atakuuliza kwa nini halikuwa deni lake. Utamwambia?"

Aliningoja nijibu. Alingoja muda mrefu, mtamba akila majani kando ya ukuta, na mama akijifanya anaosha kibuyu ambacho kilikuwa tayari kisafi. Kwenye kona ya njia hapakuwa na mtu tena, lakini mzee mchovu hatembei haraka, ningemfikia kabla hajafika mtoni.

Baba alininyooshea kamba.

"Basi kamfunge," alisema.

Nikaenda kumfunga.